Mchungaji Aliyekuwa Kiongozi wa Ushangiliaji: Tathmini ya Mzungumzaji Tuliyemwalika kwa Chakula cha Jioni cha Usharika Wetu, Minnesota

Kamati za maandalizi katika sharika zetu za Kiswahili hapa Marekani hupata shida moja kila mwaka, nayo ni kumpata mzungumzaji wa chakula cha jioni ambaye wazee watamsikiliza bila kusinzia, vijana hawatatoa simu mfukoni, na wageni wasiojua Kiswahili hawatajiona wameachwa nje. Mwezi Februari usharika wetu, unaoabudu kwa Kiswahili katika viunga vya Minneapolis, ulifanya hafla ya kuchangia ununuzi wa basi dogo la kuwaleta wazee ibadani wakati wa theluji. Mzungumzaji tuliyemwalika alikuwa mchungaji Mmarekani wa Kilutheri mwenye umri wa miaka sitini na kitu, ambaye alipokuwa mwanafunzi wa chuo alikuwa kiongozi wa ushangiliaji, na mada aliyotuletea ilikuwa kumbukumbu zake za miaka ile. Nilikuwa katibu wa kamati. Mimi ndiye niliyempigia simu, nikampokea mlangoni, nikakaa meza ya mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Ninaandika tathmini hii kwa kuwa sharika tatu zimekwisha kuniuliza kama anafaa. Jibu langu ni kwamba anafaa sana, ila yapo mambo ambayo kamati inapaswa kuyapanga mapema. Jina lake silitaji kwa sababu hajitangazi. Hualikwa kwa njia ya wachungaji wanaofahamiana, na ndivyo anavyotaka iendelee kuwa.

Nianze na hofu tuliyokuwa nayo, maana huenda kamati nyingine zitakuwa nayo pia. Nilipolipeleka pendekezo hili mbele ya baraza la wazee, mzee mmoja aliuliza kwa upole kama hao viongozi wa ushangiliaji ndio wale wasichana wa sketi fupi wanaotikisa vishungi kando ya uwanja, na kama ndio hao, mchungaji alikuwa akifanya nini katikati yao. Swali lile halikuwa la dharau. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo ushangiliaji hauna kikosi wala sare: timu inapofunga, kila mtu ni mshangiliaji, na anayeongoza ni mwenye ngoma au mwenye sauti inayozidi za wenzake. Waliokulia magharibi mwa Kenya wanakumbuka ngoma ya isukuti ikivuma jukwaani AFC Leopards inapocheza, na waliokulia Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa jukwaa la Simba na jukwaa la Yanga yanavyojibizana. Lakini kwamba mtu anaweza kuchaguliwa kwa majaribio, akafanyishwa mazoezi kila jioni, akavishwa rangi za chuo na kupewa kazi ya kusimama mbele ya watu ili awaanzishie ukelele, hilo ni jambo ambalo mtu wa kwetu hana budi kuelezwa kwanza.

Mchungaji aliijibu hofu hiyo mwanzoni kabisa, kabla hajasimulia kisa chochote, na hapo nilitambua kwamba alikuja amejiandaa kwa ajili yetu, hakuja na hotuba aliyokwisha kuitoa mahali pengine. Alisema kwamba kazi hii ilizaliwa hapa hapa Minnesota, tena mikononi mwa wanaume. Mwaka 1898 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilikuwa imeshindwa mechi mfululizo, ndipo mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johnny Campbell aliposimama mbele ya watazamaji na kuwaongoza kupiga ukelele mmoja kwa pamoja, na siku hiyo timu ikashinda dhidi ya Northwestern. Wanawake waliingia katika vikosi vya chuo hicho miaka ya 1920, na nchi nzima walikuja kuwa wengi wakati vijana wa kiume walipokwenda Vita Kuu ya Pili. Dwight Eisenhower, kabla hajawa jenerali na rais, aliumia goti akicheza mpira katika chuo cha kijeshi cha West Point, akahamia upande wa kuongoza ushangiliaji, George W. Bush naye aliifanya kazi hiyo alipokuwa shuleni Andover. Mzee wetu aliposikia jina la Eisenhower alikunja mikono kifuani, akatikisa kichwa kwa kukubali, na tangu hapo hakuwa na swali tena. Sehemu hii ilichukua kama dakika sita, na isingefaa iwe ndefu kuliko hapo.

Jambo lililonishughulisha zaidi kama katibu ni tafsiri. Tulimwomba mama mwinjilisti wetu asimame naye na kutafsiri sentensi kwa sentensi, kwa kuwa wazee wengi, hasa waliotoka kambi za wakimbizi za Kigoma na waliokuja kuwafuata watoto wao, Kiingereza chao ni cha dukani na hospitalini. Mwanzoni alitafsiri jina la kazi ile kuwa mshangiliaji, na watu wakadhani mchungaji anasimulia habari za ushabiki. Akajaribu kusema kiongozi wa ushangiliaji, nalo likawa refu mno kwa kisa kinachokwenda mbio. Ndipo mzee mmoja wa Kisukuma aliyezaliwa Magu aliposema kwa sauti kutoka meza ya nne, "Huyo ni manju!" Ukumbi ulicheka kwa furaha ya kulipata neno. Mchungaji alisimama, akaomba aelezwe, akaelezwa jinsi makundi mawili ya ngoma ya Usukumani, Bagika na Bagalu, yanavyoshindana baada ya mavuno, kila moja likiwa na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo na ngoma, na kwamba mshindi ni yule anayeuvuta umati kutoka upande wa mwenzake. Aliliandika neno lile kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani, na usiku ule hakujiita kwa jina jingine. Tangu hapo tafsiri ilitembea: ile pembe kubwa ya kukuzia sauti ikawa mbiu, watu wanaopandana mabegani wakawa mnara, na mafundo ya nyuzi za rangi yakabaki kuwa vishungi. Mama mwinjilisti anastahili nusu ya sifa ninazozitoa katika tathmini hii.

Sasa nije kwenye visa vyenyewe, maana hivyo ndivyo mtu anavyolipia.

Mchungaji alikulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa, na kazi yake kila kiangazi ilikuwa kurusha marobota ya nyasi kavu juu ya tela. Katika juma lake la kwanza chuoni, chuo kidogo cha kanisa huku kaskazini, alikwenda kutafuta chumba cha majaribio ya kwaya, akakosea mlango. Ndani alikuta wasichana sita na mvulana mmoja aliyefungwa bandeji mkononi. Msichana mmoja alimtazama mabega, hakumuuliza jina, akamuuliza kama anaweza kuinua ratili 110 juu ya kichwa chake. Yeye alidhani kwaya ya chuo kile ina masharti magumu, akajibu kwamba anaweza. Alipokuja kutambua kwamba hakuna piano chumbani, tayari alikuwa amemshika msichana yule miguu, naye yuko juu karibu na dari, akimwambia asimtazame yeye, atazame mbele na kutabasamu.

Nyumbani hakusema neno. Barua zake zilieleza tu kwamba kila Jumamosi yuko uwanjani, na baba yake, aliyekuwa mtu wa maneno machache, aliwaambia majirani wote kwamba kijana wake anacheza mpira wa chuo, yaani ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu. Siku moja ya Oktoba baba alipata nafasi, akaendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenda kumwona. Kwa robo mbili nzima za mchezo alimtafuta mwanawe miongoni mwa wachezaji, akihesabu namba za migongoni, akiuliza walioketi jirani, huku mwanawe akiwa hatua kumi mbele yake, amemwelekea uso kwa uso, akipiga makofi. Wakati wa mapumziko macho yao yakakutana. Ukumbi wetu ulinyamaza hapo, kwa sababu kila mzazi aliyekuwepo alijua kimya cha namna ile. Baba alishuka ngazi hadi kwenye uzio, akauliza, "Yule binti unayemwinua ni sawa na marobota mangapi?" Kijana akajibu, "Mawili." Baba akafikiri, akasema, "Basi kunja magoti zaidi. Usiinue kwa mgongo." Akarudi kukaa. Watu walicheka hadi mama mwinjilisti akashindwa kuendelea, na nilipogeuka nikaona baba mmoja wa Kikongo, ambaye mtoto wake ameacha masomo ya uhandisi kwa ajili ya muziki, akijifuta macho kwa leso.

Kisa cha tatu kinahitaji maelezo kidogo ya mchezo, na mchungaji aliyatoa kwa ufupi unaotosha. Katika mpira ule, timu ya nyumbani inapozuia, watazamaji hupiga kelele ili kuwachanganya wapinzani. Lakini timu ya nyumbani inaposhika mpira, watazamaji wake hunyamaza, kwa sababu wachezaji wanahitaji kuisikia sauti ya anayewapa ishara. Kiongozi wa ushangiliaji ndiye anayewaambia watu lini wapaze na lini wanyamaze. Shida ni kwamba husimama akiwa ameupa mchezo mgongo na watu uso. Katika mechi yake ya kwanza, mpira ulikuwa umebadilisha mikono nyuma yake bila yeye kujua, naye akainua mbiu na kupiga ukelele wa kuzuia kwa nguvu zake zote, na watu elfu kadhaa, waliokuwa wakiuona mpira kwa macho yao wenyewe, wakamfuata. Wachezaji wao wenyewe hawakusikia ishara, mmoja akaondoka kabla ya wakati, timu ikaadhibiwa yadi 5. Mwalimu wa timu aligeuka polepole kutazama jukwaani. Mchungaji alitufanyia namna mwalimu yule alivyogeuka, shingo kwanza na mabega baadaye, na watoto waliokuwa wameketi sakafuni mbele wakaanza kumwiga.

Ukumbi ulipotulia alisema kwamba siku ile alijifunza kuwa watu humfuata aliyesimama mbele hata macho yao yanapowaambia vinginevyo, na kwamba hiyo ndiyo sababu mpaka leo husoma somo la Jumapili mara nyingi kabla hajapanda mimbarini. Alisema sentensi mbili tu kuhusu hilo, akaendelea na kisa kingine. Hapo ndipo ninapomsifu kuliko wazungumzaji wengine tuliowahi kuwaalika, ambao humsimulia mtu kisa cha dakika tatu na kisha humweleza maana yake kwa dakika kumi. Huyu huamini kwamba aliyecheka amekwisha kuelewa.

Kisa cha herufi kilikuwa kifupi, lakini ndicho ambacho watoto wetu wanakisimulia hadi leo. Kikosi kilikuwa na desturi ya kukimbia uwanjani na bendera kubwa, kila mtu na herufi yake, ili kuandika neno la Kiingereza la herufi mbili ambalo humwambia mtu aende. Mwenye herufi ya kwanza aliugua homa asubuhi ile, na hakuna aliyekumbuka kutafuta mbadala. Kwa hiyo mchungaji alitoka peke yake mbele ya umati, akakimbia urefu wote wa uwanja akiwa ameishika O. Umati nao, kwa kuwa ulifundishwa kusoma kila kilichoinuliwa, ukasoma. Mama mwinjilisti alipotamka ile O ndefu jinsi ilivyotamkwa siku ile, akina mama wa meza za nyuma waliipokea papo hapo kwa sauti ile tunayoitumia kumpokea mtu aliyeleta habari za msiba, na mchungaji akasema hivyo ndivyo hasa ilivyosikika, maana siku hiyo timu ilifungwa vibaya.

Haikuwa kucheka tu. Katikati ya hotuba alitueleza kazi ya yule anayeinua, ambayo ndiyo iliyokuwa yake kwa miaka minne, na hapa sauti yake ilishuka. Anayerushwa juu ndiye anayetazamwa na watu na kupigwa picha. Wanaomwinua, na yule anayesimama nyuma yao kwa tahadhari, wana sheria moja waliyofundishwa kabla ya sheria nyingine zote: aliye juu akianguka, asifike chini kabla yenu. Huwezi kuruka kando ili kujiokoa. Unaingia chini yake. Jioni moja ya mazoezi mnara uliyumba, na msichana aliyekuwa juu akashuka kwa ubavu. Mchungaji aliingia chini, kiwiko cha msichana kikampiga puani, pua ikavunjika, na msichana akasimama mzima bila hata mchubuko. Alitugeuzia uso upande ili tuione pua yake, ambayo kweli imepinda kidogo kuelekea kushoto. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama yule msichana ndiye aliyekuja kuwa mkewe, na ukumbi mzima ulitaka iwe hivyo. Akajibu kwamba sivyo. Msichana yule aliolewa na mchezaji, na wanatumiana kadi za Krismasi. Mkewe yeye alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya chuo, aliyeketi nyuma yao kwa misimu mitatu akilalamika kwamba kelele zao zinaharibu muziki. Mama mchungaji alikuwa ameketi karibu nami, akainua glasi yake ya maji kuthibitisha.

Alipoulizwa na mzee wetu mmoja kama hakusikitika kuikosa mechi yenyewe kwa miaka minne, kwa kuwa alikuwa ameipa mgongo, alitoa jibu ambalo kwangu lilikuwa kiini cha jioni nzima. Alisema hakuwahi kuikosa mechi hata moja, kwa sababu aliitazama nyusoni mwa watu. Alijifunza kujua mpira umefika wapi kwa kumtazama bibi mmoja aliyekuja kila Jumamosi na blanketi lake: akiushika ukingo wa blanketi, wapinzani wanakaribia, akiuachia, hatari imepita. Alipoanza uchungaji aligundua kwamba amerudi mahali pale pale, amesimama kuwaelekea watu, na kwamba mambo mengi ya maisha yao hutokea mahali asipoweza kupaona, naye huyasoma nyusoni Jumapili asubuhi. Aliyesema maneno hayo amekwisha kuwazika watu wengi na kuwabatiza wengi, na mtu aliweza kulisikia hilo ndani yake. Niliandika sentensi yake kwenye kijitabu changu cha kumbukumbu za kamati, mahali ambapo nilipaswa kuandika idadi ya sahani.

Kisa cha mwisho kilihusu baraka. Jumapili yake ya kwanza katika usharika wake wa kwanza, mwisho wa ibada, aliinua mikono kuwabariki watu, na mikono ikakumbuka ilikofundishwa: ikaenda yenyewe juu na kando, imenyooka kama fito, ngumi zimefungwa, kifua mbele, kama alivyofanya maelfu ya mara kando ya uwanja. Akasoma maneno yote, kuanzia "Bwana akubarikie, na kukulinda" hadi mwisho, akiwa katika hali ile, bila kujua. Mlangoni bibi mmoja alimshika mkono, akamwambia, "Mchungaji, kwa baraka ile nilidhani tumeshinda." Tangu siku hiyo, alisema, hufungua vidole kwanza, kisha ndipo huinua mikono. Hafla yetu ilipokwisha, mwenyekiti wa baraza alimwomba afunge kwa baraka, na watu zaidi ya mia moja na hamsini wakamkazia macho mikononi. Alifungua vidole kimoja kimoja, bila haraka, akaibariki hafla. Watoto waliokuwa nyuma walikuwa wamesimama wote, mikono juu, ngumi zimefungwa.

Sasa kuhusu upungufu. Hotuba yake ni ya dakika 45 kwa Kiingereza, nasi hatukufikiri kwamba tafsiri ya sentensi kwa sentensi ingeizidisha karibu maradufu. Tulimaliza baada ya saa moja na dakika 25, pilau imepoa, na waliokuwa na zamu za usiku hospitalini walianza kutazama saa. Kosa hilo ni la kamati, si lake, lakini angeweza kutuuliza. Pia husema kwa kasi sana anapoanza, na ilichukua visa viwili kabla hajazoea kumsubiri mfasiri. Kisa kimoja hakikuvuka kabisa, nacho ni kile cha lutefisk, yule samaki mkavu anayelowekwa katika maji ya magadi makali, ambaye Walutheri wenye asili ya Norway humla majira ya Krismasi; meza mbili za majirani zetu Wamarekani zilicheka sana, na sisi wengine tulibaki tukimwonea huruma samaki. Ningemshauri akiache anapokuja kwa Waswahili, au aulize sisi tuna chakula gani cha namna hiyo, maana tunacho.

Kuna jambo moja ambalo vijana waliliona kuwa upungufu, nami naliona kuwa sifa. Walimwomba awafundishe kuinuana, hata kwa hatua ya kwanza tu, naye akakataa katakata, akieleza kwamba hakuna magodoro ya mazoezi sakafuni, hakuna mtu aliyefunzwa kusimama nyuma, na kwamba aliwahi kuona mtu akiumia kwa jaribio dogo kuliko hilo. Badala yake aliugawa ukumbi pande mbili, akauliza kwa Kiswahili lile gari tunalolichangia linaitwaje, kisha akawafundisha ukelele: upande wa kulia useme "Basi!" na upande wa kushoto ujibu "Letu!" Kwa mara tatu za kwanza ulikwenda vizuri. Mara ya nne upande wa kushoto ulichelewa, na upande wa kulia ukaendelea peke yake, "Basi! Basi! Basi!" huku kila mtu akicheka, naye akizidi kuwatia moyo kwa mikono miwili. Alipoelezwa kwamba neno hilo humwambia mtu aishie hapo, alisema kwamba katika miaka yake yote ya kuongoza umati, hajawahi kuuongoza umati umwambie yeye mwenyewe anyamaze. Kisha akina mama wakampigia vigelegele, akaomba afundishwe, akajaribu mara kadhaa, na mpaka anaondoka alikuwa hajaviweza, ingawa mkewe aliviweza mara ya pili tu.

Kwa upande wa gharama, hana bei maalumu. Huomba alipwe mafuta ya gari, na zaidi ya hapo usharika hutoa kadiri ya uwezo wake. Sisi tulitoa dola 400 pamoja na mafuta, na kapu la sambusa na chapati ambalo mama mchungaji alilipokea kwa mikono miwili. Naiona kuwa bei ya haki kwa mtu aliyeendesha gari katika theluji, aliyefika saa nzima kabla ya wakati ili akae na mfasiri wake, na aliyebaki kusaidia kukunja viti. Sitasema kwamba yeye ndiye aliyeleta michango, kwa sababu wengi walikuja wamekwisha kuahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba bahasha zilipokusanywa ukumbi ulikuwa bado umejaa, na kwa hafla zetu za Jumamosi usiku hilo halijatokea mara nyingi.

Kamati itakayomwalika impe nafasi pana ya kutembea, maana hasimami mahali pamoja, na impe kipaza sauti cha kubana kwenye kola. Sisi tulimpa cha kushika mkononi, na kila alipotaka kuonyesha ishara ya mikono ilibidi akikabidhi kwa mama mwinjilisti, ambaye naye alikuwa na chake. Mfasiri apewe visa kwa maandishi juma moja kabla. Chakula kitolewe kwanza, hotuba baadaye. Watoto wasipelekwe chumba kingine kama tulivyokuwa tumepanga awali. Waketi mbele, sakafuni, kwa sababu nusu ya visa vyake huelezwa kwa mwili. Maombi yapitie kwa mchungaji wenu, naye atajua wa kumpigia, na yatolewe miezi miwili kabla. Mwezi Julai hapatikani, kwa kuwa huwa kambini na vijana wa usharika wake, na sisi tumekwisha kumwomba Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambapo atakuja na mkewe na, kama atakubali, tromboni yake.